Daktari Daphine Nasirumbi Odhiambo: Mtu Mmoja, Majina Mawili

Waombolezaji wapendwa, ninyi wa Majanji mliovuka mpaka na ninyi wa Sio Port mliotupokea, sogeeni kwenye hema. Anayesoma ni Marion, dada yake mkubwa. Akilia, mngojeni kidogo, atamaliza.

Daphine alizaliwa tarehe 14 Aprili 1974 huko Majanji, Busia ya Uganda, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Maloba na Mama Syprose. Alipewa jina la bibi yake mzaa baba, Nasirumbi, aliyekuwa amezikwa mwaka huohuo. Na mtoto huyu alikuwa na maswali, jamani! Akiwekwa kulinda mukene, hawa dagaa ambao ninyi wa Kenya mnawaita omena, anataka kujua kwa nini wa jirani walioanikwa juu ya wavu wananunuliwa kabla ya wetu walioanikwa mchangani. Mama anamjibu, "Daphine, wewe fukuza ndege." Alifukuza ndege, lakini swali lake hakuliacha.

Alisoma msingi Majanji, sekondari Tororo, kisha akaenda Kampala, ambako alipata shahada ya uzamivu mwaka 2003. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 2000, na ilihusu nini? Mukene wa kwenye wavu! Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa D. Nasirumbi. Mama hajui kusoma, lakini aliiweka kabatini pamoja na Biblia.

Mwaka huohuo wa 2003 aliajiriwa kufundisha katika chuo kikuu kimoja upande huu wa Kenya. Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa kanisani mjini Busia na Bwana Osborn Odhiambo, muuza vipuri vya pikipiki. Mungu akawapa Trevor na Becky. Tangu siku hiyo Daphine aliandika jina la mume wake kila mahali, hata juu ya makala zake, maana ndivyo mke anavyofanya. Hakuna aliyemwambia subiri kwanza.

Kwa sababu kazi ya mtafiti inapimwa hivi: wenzake wakiitaja katika maandishi yao, inahesabiwa. Ukiwa na makala kumi na mbili, na kila moja imetajwa angalau mara kumi na mbili, una alama kumi na mbili. Hizo ndizo zilizotakiwa na chuo chake ili mtu awe profesa. Lakini anayehesabu ni kompyuta, na kompyuta haikuja harusini. Ilimwona D. Nasirumbi, mwanamke wa Majanji aliyenyamaza ghafla, alama saba. Ikamwona D. Odhiambo, mgeni asiyejulikana alikotoka, alama saba. Alama hizi hazijumlishwi tu, lakini makala zao zote zikihesabiwa pamoja, wangefika kumi na mbili. Kila alipoomba cheo alirudishwa: "Daktari, alama zako ni ndogo. Andika zaidi." Akaandika zaidi. Aliowafundisha wakampita, wakawa wakubwa wake. Wenzake wengine walimshawishi, "Nitaje nami nikutaje, tupande wote." Alikataa. Alisema mtu asiyesoma mambo ya mukene hana sababu ya kumtaja.

Mwaka 2016 aliamua kurudisha jina la Nasirumbi kwenye makala mpya, angalau upande mmoja upate kukua. Lo! Habari zilifika hapa Sio Port kabla yake. Mke akirudisha jina la kwao, kwetu Wasamia anasikika akifunga mizigo. Mama mkwe, Mama Akumu, alilia siku nzima. Wazee wakavuka mpaka Majanji kuuliza kama ng'ombe wa mahari watarudishwa. Mama Akumu, upo hapa, na hatukulaumu, ulimpenda. Daphine aliwapikia wazee kuku, akawaambia, "Nimesikia, baba zangu," akarudia Odhiambo. Usiku alimpigia Marion simu, akasema, "Dada, nimebanwa. Nikienda huku nimevunja nyumba, nikibaki huku sihesabiki." Hiyo iliuma, na inauma hata leo.

Februari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Akiwa wodini Tororo alitembelewa na Arthur, mkutubi mpya wa chuo, ambaye alishangaa: "Mwalimu, kwani hukuambiwa? Kuna namba ya mtafiti. Unajiandikisha, unafunga majina yote mawili chini yake, na hulazimiki kuacha hata moja." Miaka yote ile, kumbe! Daphine alicheka mpaka sindano ya dripu ikachomoka.

Macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo aliyeshika kompyuta alikuwa Osborn. Yeye, wa vipuri, alisoma vichwa vya makala kimoja kimoja, vya Kiingereza kigumu. "Hii ya Nasirumbi ni yako?" "Yangu." "Hii ya Odhiambo?" "Yangu pia." Walipomaliza alama zilisoma kumi na mbili. Osborn akashusha ile kompyuta, akasema, "Mama Trevor, kumbe ni mimi nilikukalia." Akajibiwa, "Tuma maombi, baba, acha maneno."

Maombi yalitumwa. Kamati ilipangwa kukaa tarehe 27 Machi 2025. Daphine alitutoka Jumapili, tarehe 9 Machi, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mume wake. Chuo kimetuarifu kwamba kamati haijadili maombi ya marehemu.

Ameacha mume, Osborn. Watoto, Trevor na Becky. Mama zake wawili, Syprose na Akumu. Dada yake Marion. Na akina mama wa Majanji ambao leo wote wanaanika juu ya wavu.

Jana fundi wa msalaba aliuliza aandike jina lipi, la kwao au la hapa. Mama Akumu ndiye aliyejibu: "Yaandike yote. Alikuwa mtu mmoja."

Daphine Nasirumbi Odhiambo, pumzika sasa kwa amani, umehesabiwa.