Daraja Linaloonekana Vizuri Ukiwa Umekaa

Benchi letu liko nje ya banda la baiskeli la Fundi Spoku, pale njia ya baiskeli inapouacha mto na kupanda kuelekea darajani. Ukikaa hapo na kahawa yako unaliona daraja zima: nguzo moja ndefu katikati ya mto, na nyaya nene zimeshuka huku na huku kuishika barabara. Hakuna benchi lingine mjini lenye bahati hiyo, na asiyekubali aje tubishane. Asubuhi ile tulikuwa watatu: Spoku, mimi kinyozi, na Mzee Nondo, ambaye yeye na wenzake ndio waliozikaza zile nyaya. Binti yake kaolewa ng'ambo ya mto, kajifungua, na kila siku anapiga simu babu akamwone mjukuu. Babu haendi.

SPOKU: Mzee, leo unavuka?

NONDO: Kesho. Leo kuna upepo.

SPOKU: Upepo ndio unaoliogopa lile daraja. Nimeuona kwa macho yangu, ukifika pale unakata kona.

MIMI: Upepo kitu gani? Juzi nimemnyoa mtu wa vipimo vya daraja. Anasema waya mmoja tu unainua nyumba ya ghorofa na wapangaji wake.

SPOKU: Na vyombo ndani.

MIMI: Na mama mwenye nyumba dirishani, anauliza nani kafanya hivi.

NONDO: Mnapunguza. Zile nyaya ukizikata leo, barabara haianguki. Imeshazoea kukaa juu.

Tukakubali. Nani ambishie aliyezikaza?

SPOKU: Basi nenda, mzee wangu. Mtoto anakua.

NONDO: Ukiwa juu yake unaona nini? Lami tu. Hapa unaliona lote.

Na hilo tukalikubali upesi, maana lilitufaa wote.

Mara akashuka kutoka darajani mama mmoja kwa baiskeli, mtoto kamfunga kifuani kwa kanga. Alikuwa binti wa Nondo.

BINTI: Shikamoo baba. Shikamooni wazee wangu.

Tukaitikia, tukamsogezea nafasi. Spoku akaanza kumweleza habari za nyaya, nami nikamsaidia palipopungua. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

BINTI: Na mkiwa pale katikati, mto unaonekanaje?

Spoku akaitazama pampu yake. Mimi nikanywa kahawa iliyokwisha. Toka daraja lifunguliwe, hakuna hata mmoja wetu aliyekanyaga pale.

NONDO: Mwanangu, naogopa. Nilipokuwa nakaza sikuogopa. Siku watu walipoanza kupita na watoto mgongoni, moyo ukaniruka. Nikivuka nikalisikia limelia hata kidogo tu, sitapata usingizi tena.

BINTI: Huyu kalala njia nzima, baba.

Akamfungua mtoto, akamweka mikononi mwa babu yake. Kweli, alikuwa bado amelala. Nondo alimtazama kitambo, kisha akainuka bila kutuaga na kuanza kupanda. Binti akafuata akikokota baiskeli.

Nilijivuna, sifichi, kama vile daraja nimelijenga mimi. Tuliwaona wakifika katikati. Nondo akasimama, akaushika waya kwa mkono mmoja, mtoto kwa mwingine.

Kijana wa baiskeli akasimama bandani kuomba upepo. Spoku hakugeuka.

SPOKU: Subiri kidogo, kijana. Fundi wa daraja anavuka.