Mbona Ulinivamia Mimi?

Kwenye treni, fundi cherehani alikuwa amepakata mfuko wa nguo, masikio yote kwa marafiki wawili waliokaa mbele yake: fundi umeme na mwalimu.

"Kwenye gemu tunakuzunguka watu watatu," fundi umeme alilalamika, akiitikisa simu kana kwamba mji wake uliotekwa kwenye gemu ungerudi. "Mbona jeshi lako limenivamia mimi? Wale wawili huwajui hata sura!"

"Ndiyo maana, bwana," mwalimu alijibu. " Wale ukiwagusa, watakuandama mpaka mwisho. Wewe najua utanielewa."

"Kumbe urafiki ndio ulioniponza!"

"Ulitaka nikuache kwa kuwa tunajuana? Huo si ndio upendeleo?"

"Na huko kuwaogopa wao tukuiteje?"

Fundi cherehani alichanganyikiwa. Kila aliyefungua mdomo alimwona ana haki, mpaka mwenzake naye alipofungua wake.

Treni ikasimama, wale wawili bado wanabishana. Akashuka na mfuko wake wa sare za wateja asiowajua, zote tayari. Gauni la rafiki yake wa tangu utotoni lilikuwa nyumbani, wiki ya tatu sasa, hata kukatwa bado. Asubuhi ile ile alikuwa amempigia simu kumwambia, "Wewe najua utanielewa."