Baba Floribert na Milango ya Kambi Yetu

Élisabethville, tarehe 28 Juni 1957

Kwa Baba Floribert Mwilambwe

Baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, Baba Floribert Mwilambwe, muuguzi wa dispansari ya kambi yetu ya wafanyakazi, anastaafu Jumapili hii, tarehe 30 Juni. Anakwenda kulima Kasungami.

Aliingia mwaka 1929 akiosha chupa. Alijifunza kwa kutazama, kisha kwa masomo, akapewa kazi ambayo wengine hawakuitaka: minyoo ya tumbo. Kila miezi mitatu alipita nyumba kwa nyumba na dawa, kwa watoto, kwa wazazi, na kwa mbwa. Alitufundisha kufukia kinyesi cha mbwa mbali na mahali watoto wanapochezea udongo, na kunawa kwa sabuni kabla ya kushika bukari, ugali wetu. Hata nje ya kanisa, ukimpa mkono aligeuza vidole vyako atazame kucha.

Mwaka 1946 watu waliovaa kaki walipita kambini wakipiga risasi mbwa, kwa hofu ya kichaa cha mbwa. Baba Floribert naye alivaa kaki, sare ya dispansari. Tangu hapo, baiskeli yake ikionekana, tuliwaingiza mbwa ndani, tukawalaza kati ya watoto chini ya blanketi, tukafunga mlango na kunyamaza. Alibisha, akaenda zake. Nyumba yangu ilifanya hivyo mara tatu. Mbwa alipona, lakini watoto hawakupata dawa. Mtoto wetu wa tatu, Agnès, alivimba tumbo. Minyoo ilikuwa imeziba utumbo, na tulipomfikisha kwa daktari muda ulikuwa umepita. Alikuwa na miaka mitano. Alipenda kutembea na kiatu kimoja.

Baba Floribert alikuja kwenye matanga. Nilimwambia yote. Akasema: “Haina weye, Constantin. Iko hii kaki yangu.” Kosa aliliweka kwenye nguo yake, si kwangu.

Duru ya dawa iliyofuata alikuja na shati la maua na mbwa wake mwenyewe, Kaputi. Katika kila uwanja alimnywesha Kaputi dawa kwanza, watu wakitazama, kisha akangoja mpaka wamwone anakimbia. Mama Rabia, mke wa fundi cherehani, alimtania: “Ee Baba Floribert, leo imbwa ndiye mukubwa wa nyumba, batoto bafwate nyuma?” Alimjibu kwamba mbwa hajui kunawa mikono, basi sisi tunawe kwa ajili yake. Kwa mwaka mzima mkubwa wake wa kazi alimgombeza kwa sababu ya lile shati. Hakulivua. Mimi nilikuwa seremala. Aliniombea kazi ya kuandika namba za nyumba alizozifikia. Tangu 1948 hakuna mtoto wa kambi hii tuliyemzika kwa minyoo.

Siwezi kuficha wasiwasi wangu katika karatasi ya sherehe. Muuguzi mpya, Rigobert, ni kijana mwenye elimu na heshima. Juma hili alipita mara ya kwanza kujitambulisha, katika kaki mpya iliyopigwa pasi. Niliandika milango sita iliyofungwa katika mstari wa nne wa nyumba, na ndani ya mmoja nilisikia mtoto akizibwa mdomo asicheke. Nimemweleza Rigobert habari ya kaki. Amesema atafikiri. Duru yake ya kwanza ya dawa ni Jumatatu. Jana na leo mke wangu Victorine na mimi tumepita nyumba zile sita tukisema habari za Agnès, jambo ambalo hatukuwahi kulisema mbele za watu. Wanne wameahidi kufungua. Wawili walitusikiliza tu.

Baba Floribert, asante kwa kila mlango uliobisha, na kwa ile ambayo hatukukufungulia. Mahindi yako yastawi, magoti yako yapumzike, na mama wa nyumbani afurahi kukuona mchana. Huko Kasungami, ukisali, taja mstari wa nne. Na sisi utukumbuke, pamoja na Agnès wetu.

Constantin, karani wa dispansari