Fungua Kwanza, Fundi Asiyeziba Pancha kwa Nje

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nimechoka leo, sitawaficha. Wiki hii nimesoma taarifa tatu za ajali za barabarani kwenye kiti hiki hiki, na sasa nimerudi kumkumbuka fundi wa matairi. Amefariki Jumanne. Fundi wetu amefariki Jumanne, akiwa na miaka sitini na minne, baada ya kuugua figo. Jina lake wengi hatukulijua. Tulimwita Fungua Kwanza.

Kibanda chake mnakijua, nyuma ya kituo cha mafuta cha zamani. Mabati, beseni la maji, jeki mbili, na benchi lenye mguu mmoja mfupi. Unafika na pancha, unamwambia, "Fundi, ziba haraka, nina safari." Anakujibu bila hata kuinua kichwa: "Fungua kwanza." Basi lazima alitoe tairi kwenye ringi, hata kama msumari unauona kwa macho yako. Anaingiza mkono ndani, anazungusha kiganja pole pole, kisha anakitazama. Kikitoka safi, na tundu ni dogo na liko katikati, pale panapokanyaga barabara, anabandika kiraka kwa ndani. Kikitoka na unga mweusi, hazibi. Tundu likiwa ubavuni, hazibi. Umbembeleze, umtukane, hazibi.

Mimi nilimtukana. Ndiyo, mimi huyu. Nilikaa kwenye benchi lile karibu saa nzima, nikamwambia, "Mzee, unaziba tairi au unampasua mgonjwa?" Akasema, "Mgonjwa ni wewe, mwanangu. Tairi halina haraka." Watu wakacheka, mimi nikanuna. Haraka haraka haina baraka tuliisoma wote shuleni, tukafaulu mtihani, tukaisahau.

Mkewe ameniambia hivi: "Wateja walimkimbia. Fundi wa ng'ambo ya barabara anachomeka kamba ya gundi kwa nje, dakika tano, gari hilooo! Nikamwambia, baba watoto, sisi tutakula viraka? Akaendelea kufungua tairi. Alikuwa analijua mwenyewe lililomkaa rohoni."

Lililomkaa ni hili. Miaka kumi na miwili iliyopita, shemeji yake, mume wa dada yake mdogo, alimletea pancha asubuhi. Walikuwa watani wakubwa. Mwenye gari akamtania: "Shemeji gani huyu, kazi kunichelewesha tu!" Msumari mdogo, katikati kabisa, tundu la kuzibika. Fundi akachomeka kamba kwa nje, akajaza upepo, akamwagia maji, hakuna povu. Wakaagana wanacheka. Hakumuuliza ametembea kiasi gani bila upepo. Kumbe shemeji alilileta tairi limelala chini tangu nyumbani kwake. Ubavu ulikuwa umesagika kwa ndani. Ule unga mweusi, wasikilizaji, ndio mpira wenyewe uliosagika. Tundu halikuvuja hata kidogo. Tairi lilipasuka ubavuni, saa nne asubuhi, gari likiwa kwenye mwendo. Shemeji hakufika hospitali.

Hakufungua. Narudia: siku ile hakufungua.

Dada yake ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilizungumza naye jana, sebuleni kwake. "Msibani nilimwambia, kaka, ni mipango ya Mungu. Nilisema kwa mdomo tu. Kusema uongo ni dhambi, moyoni nilimchukia. Nikawa napita mbele ya kibanda chake naangalia upande wa pili. Naye akija kwangu anaishia mlangoni. Anaweka sukari na sabuni kizingitini, anaulizia watoto, anaondoka."

Miaka kumi ikapita hivyo. Mwaka juzi, dada mtu akapata pancha karibu na kile kibanda. Akasimama hapo hapo, hakulitembeza gari hata hatua moja. Watoto wake watatu walikuwa ndani.

"Kaka akatoka, akaniona. Akasema, dada, kamwite fundi mwingine. Nikamwambia, kaka, fungua kwanza. Akafungua. Akazungusha kiganja mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka nikamwonea huruma. Akanionyesha kama mtoto aliyetumwa kunawa. Kilikuwa safi. Nikamwambia, nimeona, kaka. Ziba."

Akaziba. Kisha akamwomba awaache watoto pale benchini, yeye fundi aliendeshe gari kwanza peke yake kulijaribu tairi. Dada mtu akakataa katakata.

"Nikawapandisha wanangu wote watatu. Yeye nikamwambia, kaa mbele, twende nyumbani. Siku ile hakuishia mlangoni. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akalia, nami nikalia, watoto wakawa wanatushangaa."

Tairi lile lingali kwenye gari la dada yake. Ndilo lililokwenda makaburini juzi, na kurudi salama.

Kwa mjane, kwa watoto wake, na kwako mwalimu, poleni sana. Poleni tena. Mungu awape subira, na ampumzishe fundi wetu, maana amehangaika vya kutosha.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja ajiulize anachokijaza upepo kila siku bila kutazama ndani. Mimi nimeshajiuliza. Tairi langu la nyuma linapungua upepo wiki ya tatu sasa, na kila asubuhi naongeza naondoka, huku nawasomea nyinyi habari za ajali. Sina hata haya. Gari nimeliacha hapo nje mpaka tairi lifunguliwe. Leo narudi nyumbani kwa miguu.