Barua Kwanza, Plasta Baadaye

Huyu tunayemsindikiza leo, ambaye kazini walimwita Mama Fomu, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Baba yao alipotaka kuwashonea wanawe viatu, yeye ndiye aliyewapima miguu kwa uzi, kila mtoto na uzi wake, na hakuwahi kuchanganya. Kaka yake mkubwa, aliyeandika haya, siku moja aliurefusha wake ili apate viatu vya kujidai. Alikatwa jicho na mdogo wake huyu, akaurudisha mwenyewe.

Alianza shule mwaka 1968, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978, kisha akasomea ukarani kwa mwaka mmoja.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa kwenye kliniki ya miguu, dirisha la bima. Hapo alijaza fomu za soli zinazochongwa kwa umbo la mguu wa mgonjwa, na za plasta ngumu inayofungwa mguuni ili kidonda kisikanyagwe. Bima ikikataa, alipiga simu mpaka wakachoka wao. Mwaka 2009 walikataa kulipia plasta zote zilizofungwa kabla ya barua yao ya kibali. Fedha za kununua nyingine zikakosekana, kabati likabaki tupu miezi miwili, wagonjwa wakarudishwa nyumbani na vidonda vyao. Ndipo alipoandika kwa kalamu nyekundu, akabandika ukutani: BARUA KWANZA, PLASTA BAADAYE.

Aliolewa tarehe 7 Desemba 1985 na fundi umeme, mtu mpole, anayecheka kabla hajamaliza kuusimulia mzaha wake. Walijaliwa watoto watatu.

Kisukari kilimpata mwaka 2011. Mapema Aprili 2018 alitokwa na kidonda kwenye unyayo wa kushoto. Jumatatu tarehe 9 alijijazia fomu ya plasta, na mkono ukafuata mazoea. Soli huombwa za miguu yote miwili, naye akatia alama miguu yote miwili. Baada ya siku kumi na moja fomu ikarudi: kidonda kiko mguu gani? Miaka thelathini na saba hakuwahi kurudishiwa fomu. Akaijaza upya, hakumwambia mtu nyumbani.

Fundi wa plasta alimwona anachechemea.

"Dada, panda kitandani nikufunge. Nusu saa tu."

"Barua umeiona?"

"Achana na barua! Mguu unanuka huo."

"Unanuka wewe na soksi zako." Kisha akamwonyesha benchi kwa kidevu. "Wale wote nimewaambia wangoje. Nikipanda mimi leo, kesho nitawatazama kwa macho gani?"

Fundi alinyamaza. Amemwambia kaka mtu kwamba kunyamaza kule ndiko kunakomnyima usingizi. Mume naye alisema mara mbili, tatu, akajibiwa barua iko njiani.

Tarehe 8 Mei alilazwa, sumu imeshafika kwenye mfupa. Tarehe 11 mguu ulikatwa chini ya goti. Tarehe 15 barua ilifika, mume akamsomea wodini.

"Wamekubali, mama. Plasta moja, mguu wa kushoto."

"Wamegonga muhuri?"

"Wamegonga."

Akageukia ukutani.

Sumu ilishaingia kwenye damu. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Juni 2018, saa kumi na moja alfajiri, mume amemshika unyayo uliobaki, kwa kuwa alilalamika unapata baridi.

Jumatatu fundi wa plasta alibandua ile karatasi ukutani. Rangi ya ukuta ilitoka nayo. Akamwambia mgonjwa wa kwanza kwenye benchi apande kitandani, barua itakuja ikitaka.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanne, na kaka ambaye bado anao ule uzi wake.

Pumzika, mdogo wetu. Huko hakuna dirisha, wala hutaambiwa ungoje.