Bi Kulikoni Anaondoka, Faili la Uwanja wa Ndege Linabaki

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika Idara ya Tathmini ya Mazingira, mkaguzi wetu mwandamizi, ambaye ofisi nzima inamwita Bi Kulikoni, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kikao cha wananchi kuhusu upanuzi wa uwanja wa ndege, mradi ambao ameukagua yeye tangu mwanzo, kilikuwa kifanyike wiki iliyopita. Kimeahirishwa hadi Jumanne inayofuata kustaafu kwake. Sababu iliyotolewa ni kwamba ukumbi unapakwa rangi. Mimi nimepita ukumbini na sijanusa rangi yoyote, lakini huenda nina mafua.

Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike kwa furaha, kwa kuwa mimi mchora ramani ndimi niliyekaa naye chumba kimoja muda mrefu kuliko wengine. Nitajitahidi.

Jina lake alilipata mwaka wa kwanza kazini. Alipelekwa na mkubwa wake kwenye machimbo ya kokoto kukagua malalamiko ya vumbi. Mwenye machimbo aliwapokea kwa soda baridi, na barabara nzima ilikuwa imemwagiwa maji. Mkubwa aliridhika, akaandika kuwa hakuna vumbi. Yeye alishinda akiuliza kila aliyeingia ofisini, "Kulikoni mtu amwagilie barabara?" Kesho yake alipanda gari la abiria, akashuka machimboni bila taarifa, akarudi mweupe kuanzia kope hadi viatu. Machimbo yalisimamishwa mpaka yalipofunga mitambo ya kuzuia vumbi.

Tangu hapo hajamwamini mwenyeji mkarimu. Kiti alichowekewa hakikalii. Husema kiti kinawekwa ili mgeni atazame wanakotaka atazame, basi huvuta kingine. Dereva wetu huambiwa safari wakishatoka getini. "Unawasha gari hujui unakwenda harusini au msibani," analalamika mpaka leo, ingawa ndiye aliyenuna kuliko wote tuliposikia tarehe ya kustaafu. Sisi wa ofisini hatukupona. Ukimpelekea chai bila kuombwa, atakuuliza umeharibu nini. Mara nyingi mtu anakuwa kweli ameharibu kitu.

Nyumbani mambo ni yale yale, kwa ushahidi wa mumewe, fundi saa. Anasimulia kwamba siku alipompelekea ua wakati wa uchumba, aliulizwa limetoka bustani ya nani. Lilikuwa la jirani. Walikwenda wote wawili kuomba radhi, na njiani kurudi bibie akakubali kuolewa.

Basi huyo ndiye mtu aliyekabidhiwa faili la uwanja wa ndege. Ripoti ya wataalamu waliokodiwa na uwanja ilikuwa na karatasi nzuri na picha za rangi. Ilisema njia ya kurukia ndege itarefushwa, ndege zitaongezeka maradufu, na shule ya msingi iliyo nyuma ya uzio haitaathirika. Wakazi waliohojiwa walijibu kwa kauli moja kwamba kelele haziwasumbui. Kwenye ramani, mstari mwekundu wa eneo la kelele kubwa ulifika karibu na shule, ukajipinda, ukaizunguka kama mbuzi aliyeona dimbwi. Mstari huo si pambo. Shule ikiwa ndani yake, lazima ijengwe kwingine kabla ya upanuzi kuanza. Ikiwa nje, watoto wanabaki pale pale, chini ya matumbo ya ndege.

Nilidhani ataukasirikia mstari. Yeye alishuku majibu ya wakazi. Mtaa mzima kukubaliana? Watu ambao hawakubaliani hata kama jana mvua ilinyesha?

Tulikwenda shuleni. Mwalimu mkuu, mama mpole mwenye sauti ya taratibu, alituhakikishia kwamba ni kweli, hawasumbuki, wamezoea. Katikati ya sentensi akanyamaza. Aliinua mkono kidogo, akatulia. Ndege ikapita, vikombe vikagongana kabatini, naye akaendelea kutoka neno lile lile, akitueleza kwamba kelele hazijawahi kuwakatiza chochote. Hakujua kwamba amenyamaza. Madarasani ilikuwa hivyo hivyo: mwalimu anainua mkono, kalamu zinawekwa chini, darasa zima linaganda, kisha hesabu inaendelea. Uwanjani wasichana waliokuwa wakiruka kamba waliishusha, wakasubiri, wakaanza tena. Hakuna aliyewaamuru; ndivyo wanavyoishi mtaa ule, na wazazi wao nyumbani wanafanya vivyo hivyo wakiwa na kijiko mkononi.

Bi Kulikoni alitoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji, akalia. Sijawahi kumwona akilia kazini kabla ya siku hiyo wala baada yake. Aliporudi aliniambia, "Mwanangu, aliyezoea maumivu usimuulize kama yanauma. Mtazame anavyotembea."

Ndipo akawageukia wataalamu. Ndege huruka zikielekea upepo unakotoka, kwa hiyo kuna miezi zinapita juu ya shule na kuna miezi zinaondokea upande wa pili. Wataalamu walikuwa wamepima kelele za shuleni katika miezi ya upande wa pili. Walisema ilitokea kwa bahati mbaya. Aliwauliza ni bahati mbaya gani hiyo inayomfaa anayewalipa, na kikao kikaishia hapo.

Tukaamua kupima wenyewe. Sasa msidhani alikuwa upande wa wakazi. Siku tulipofika na kipimo, tulimkuta mwenye mashine ya kusaga amesogeza mashine yake hadi ukutani mwa shule, inanguruma bila hata punje ndani yake. Kando yake fundi pikipiki alikuwa anapiga resi pikipiki tatu ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote. Walitaka kutusaidia. Bi Kulikoni alizima kipimo, akafuta vipimo vyote vya siku ile mbele ya macho yao. Mwenye mashine alipandwa na hasira: "Kumbe na wewe umeshapewa bahasha!" Watu wakaanza kukusanyika, na mimi nikaanza kutafuta gari letu limeegeshwa wapi. Yeye aliketi juu ya gunia la pumba, akawaambia taratibu, "Mkinipa kelele moja ya uongo, watazifuta na zote za kweli. Halafu watoto wenu mtawaambia nini?" Walinung'unika sana. Kisha wanaume wanne wakaibeba mashine na kuirudisha ilikokuwa.

Wiki iliyofuata tulipima tena, mtaa ukiwa umetulia na ndege zikiwa juu. Shule iko ndani ya mstari, tena ndani kabisa, na mtaa karibu wote pamoja nayo. Nimechora ramani hiyo kwa mkono wangu. Ipo mezani kwa Mkurugenzi, haijasainiwa.

Narudi kwenye furaha. Ni desturi ya idara hii kwamba mkaguzi mwenye faili lisilofungwa huongezewa mkataba hadi amalize. Mkaguzi wa machinjio aliongezewa. Mkaguzi wa bwawa aliongezewa mpaka akaanza kusinzia vikaoni. Bi Kulikoni hakuongezewa. Tumeambiwa amechoka, aachwe apumzike. Huyu anayepanda ngazi akituacha nyuma! Uongozi wa uwanja wa ndege, kwa wema wake, umetuma keki yenye umbo la ndege. Faili nimekabidhiwa mimi, na nimeambiwa sababu ni kwamba nina busara na najua kukaa na watu. Nimefanya kazi na mama huyu muda wa kutosha kujua kwamba sifa za namna hiyo ni za kuogopa. Nimekwisha kuulizwa mara mbili, kirafiki tu, kama mstari hauwezi kupinda kidogo.

Kwa mujibu wa kanuni zetu, mtumishi wa idara haruhusiwi kusimama kwenye kikao cha wananchi na kupinga mradi. Mkazi wa eneo linaloguswa anaruhusiwa, na wakazi ndio huzungumza wa kwanza. Kwa idhini yake natangaza hapa kwamba Jumamosi, siku moja baada ya kustaafu, Bi Kulikoni na fundi saa wake wanahamia nyumba waliyopanga mtaa wa nyuma ya uzio, jirani na shule. Mkataba wa pango umeshasainiwa, na jina lake limeshaandikwa miongoni mwa wasemaji wa Jumanne. Nilimuuliza mumewe kama ndege hazitamsumbua. Alisema ndege angalau haiulizi maswali. Mkurugenzi analisoma jambo hili pamoja nanyi kwa mara ya kwanza, nasi tunamwomba asichelewe kukata keki.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, dereva akiwa wa kwanza, ahsante, mama yetu, kwa kutufundisha kazi, na kwa kutonyamaza hata pale ambapo kunyamaza kungekupatia cheo. Tunakuombea afya, usingizi na majirani wema katika makazi mapya. Jumanne mimi nitakaa kwenye meza ya idara na ramani yangu, nawe utakuwa upande wa wananchi. Niulize kwa sauti shule iko wapi, mbele ya watu wote, ili nijibu mbele ya watu wote. Naogopa, sifichi, ila peke yangu ningeogopa zaidi.

Njoo mapema, mama. Wasije wakabadilisha ukumbi.