Elinami Efraimu Nnko, Aliyepoza Kamera ya Nyota (1966–2001)

Mimi ni Solomoni, kaka wa mama mzazi wa marehemu, yaani mjomba mtu. Kikao cha familia kilitaka wasifu huu usomwe na mtu aliyesoma. Nikawaambia, aliyesoma ndiye tunayemzika. Wakanipa karatasi. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisindikiza tu. Kwa hiyo nikikosea jina la mashine yoyote humu, mwenye kunisahihisha amelala hapo mbele.

Marehemu Elinami Efraimu Nnko alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa Akheri, mtoto wa pili wa hayati Mzee Efraimu Nnko na dada yangu Nashilu. Alibatizwa mwaka huohuo katika usharika huuhuu. Masikio yale makubwa aliyachukua kwa kina Nnko. Akili, hata mkikataa, ilitoka kwa wajomba.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1974, akasoma sekondari mjini Arusha, kisha akaingia chuo cha ufundi na kuhitimu fani ya umeme mwaka 1988. Akiwa bado wa shule ya msingi aliifungua redio yangu bila ruhusa. Alipoifunga, vipande kadhaa vilibaki mezani, nami nikavua mkanda. Akaiwasha, ikalia vizuri kuliko siku niliyoinunua. Akaniambia, "Mjomba, hivi vilivyobaki ndivyo vilivyokuwa vinakupigia kelele." Mkanda nikauvaa tena.

Baada ya chuo aliajiriwa katika kiwanda cha umma mjini. Mwaka 1993 kiwanda kikauzwa, na mwenyewe mpya akaja na mashine zake na watu wake. Ruksa ya biashara huria iliyotuletea mitumba na televisheni ndiyo hiyohiyo iliyomtoa kazini. Bwana Surjit, yule pale nyuma mwenye kilemba cha kijani, akamchukua dukani kwake kutengeneza kompyuta. Mwaka 1996 wataalamu wa nyota kutoka nje walijenga banda la darubini huko mlimani juu yetu, wakanunua kompyuta kwa Surjit. Elinami alitumwa kwenda kuzifunga. Akabaki hukohuko.

Wengi wenu mlisema anachungulia nyota. Hakuchungulia kitu. Darubini ile haina pa kuweka jicho. Pale pa jicho pamefungwa kamera, na ndani ya kamera kuna kipande kidogo kama stempu, ndicho kinachopokea mwanga. Kazi ya marehemu ilikuwa kukaa chumba cha pembeni na kuendesha programu ya kompyuta inayoiamuru kamera hiyo: poa, fungua, kusanya mwanga, funga, soma. Ile amri ya kwanza ndiyo iliyokuwa na shughuli. Kile kipande kikiwa na joto kinaona nyota ambazo hazipo. Kumbe ni joto lake chenyewe. Lazima kipozwe kuliko barafu, taratibu, na namba kwenye kioo cha kompyuta ndiyo inayosema sasa tayari.

Ndiyo sababu ukimsalimia "Mambo, Elinami?", wakati kijana mwingine yeyote wa Arusha angekujibu "Poa", yeye alikitazama kioo kwanza. "Bado haijapoa," anasema. Akaizoea mno. Hata harusini, hata ibadani tukitoka, ukimwuliza mambo anatazama hewani kama kuna kioo, halafu, "Bado haijapoa."

Mara ya kwanza nilipomtembelea nilivaa koti nililoolea, nikajipaka mafuta usoni mpaka nikang'aa, maana nilishawatangazia watu wa Usa River kwamba napigwa picha na kamera kubwa kuliko zote Afrika. Nikasimama mbele ya darubini, kifua mbele.

"Mjomba, toka hapo. Hii haipigi watu."

"Mimi si watu. Mimi ni mjomba wako. Piga!"

"Bado haijapoa, mjomba."

Safari iliyofuata nikapanda na ndoo ya barafu kutoka kwa muuza samaki wa Usa River. Nikaitua mlangoni, nikamwambia, "Haya, ipoze, tufanye kazi." Alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akanieleza kwamba kamera inajipoza kwa umeme, na unyevu wa barafu yangu ungeiua. Barafu tukaitilia soda. Ilikuwa na harufu ya sato, lakini tulikunywa.

Siku nyingine nilimkuta amekaa, mikono mapajani. Kamera imepoa, programu iko tayari, na Meru kajifunika wingu mpaka mabegani. Akasema, "Mashine naiamuru, mjomba. Mlima siuamuru."

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na Sia, mwalimu, binti wa Marangu. Mshenga nilikuwa mimi. Wazee wa kule waliuliza kijana anafanya kazi gani, nikasema anatengeneza kompyuta. Mzee mmoja akauliza, "Zimeharibika?" Nikamjibu, "Zikifika kwake, zinakuwa zimeharibika." Wakacheka, binti tukapewa. Mungu akawajalia Agnela na Derick.

Mwezi Mei mwaka huu alianza homa. Ikatibiwa malaria, haikuwa malaria. Ikatibiwa taifodi, haikuwa taifodi. Mwezi Juni tulimpeleka hospitali ya rufaa Moshi, na vipimo vikasema ni kansa ya damu. Madaktari na wauguzi walifanya lililo katika uwezo wao, familia inawashukuru. Homa haikushuka. Kila muuguzi akipima, Sia ilibidi amsomee mgonjwa namba, maana aliidai.

"Thelathini na tisa na nusu, baba Agnela."

"Bado haijapoa," anajibu, macho ameyafumba.

Nikamwambia, "Si uiamuru? Wewe ndiye mwenye amri ya kupoza."

Akatabasamu. "Huku sijaiona hiyo amri, mjomba. Nimetafuta."

Mimi najua kuchinja, kuezeka, kuzalisha ng'ombe na kusuluhisha wanandoa. Nilimwapia dada yangu Nashilu kwamba mwanawe nitamrudisha Akheri kwa miguu yake. Basi nikafanya nililolijua. Nilitafuta muuza samaki mjini Moshi, nikanunua barafu, nikaipeleka wodini kwa ndoo. Elinami akafumbua jicho moja. "Umeleta barafu tena?" Dada alichovya vitambaa, akamkanda paji la uso, na kila kitambaa kilikauka kabla hajachovya kingine. Nikawa naleta kila siku. Hakuna aliyenituma, na hakuna aliyenikataza.

Tarehe 9 Agosti 2001, asubuhi, niliingia wodini na ndoo yangu. Dada alikuwa amekaa kitandani, mkono wa mwanawe uko mikononi mwake. Mnamjua dada yangu, maneno yake yote yako katika Kimeru. Kiswahili ni cha kuazima, na huazima kidogo tu.

"Amepoa," akaniambia.

Nikaitua ndoo. Nikapaza sauti, "Bwana asifiwe!" Wodi nzima, waliolala na waliokaa, wakaitikia, "Amina!" Nikawageukia, kifua mbele. "Si niliwaambia? Mpwa wangu huyu! Homa gani itamweza?" Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anapiga makofi.

Nikamtazama Sia anisomee namba. Sia hakunisomea namba.

Ndipo nikaushika ule mkono.

Thomasi, aliyefanya naye kazi kule juu, alituambia jana kwamba kamera ile haizimwi ghafla. Programu inaipandisha joto kidogo kidogo, ndipo umeme ukatwe, la sivyo kile kipande hupasuka. Elinami alilikazia hilo kwa kila mtu aliyegusa mashine. Yeye mwenyewe hakufanyiwa hivyo. Wala sisi.

Marehemu ameacha mama yake Nashilu, mjane wake Sia, watoto wawili Agnela na Derick, dada yake mkubwa Elihuruma, na mjomba mmoja. Ile ndoo nilirudi nayo kwenye gari lililobeba mwili, nimeipakata, kwa sababu sikujua niiache wapi. Tulipofika Usa River barafu ilikuwa bado haijaisha.

Bwana ampe Elinami pumziko lake la amani. Na ninyi vijana mliozoea kunipokea na "Mambo, mjomba?", kwa sasa niamkieni shikamoo tu. Lile jibu la mambo silitamki.